Watoto wa Elfu Nane Mia Moja Ishirini na Nane

Karatasi iliyofanya mume wangu akamatwe niliiandika mimi. Naliweka hilo mbele ili mtu asije akadhani nililificha. Nimejaribu kuiandika habari hii mara mbili kabla ya leo, na mara zote mbili nilijikuta najipamba, kwa hiyo nilichana. Sasa naandika polepole. Shule yangu iliishia darasa la nne, na hesabu zilizo humu nimezirudia kwa kalamu ya risasi mara tatu. Kama kuna kosa ni langu, si la aliyenifundisha.

Ilikuwa wakati wa Imajensi, serikali ya Wazungu ilipotangaza hali ya hatari kwa sababu ya watu waliokuwa wakipigana nayo kutoka msituni. Tulikuwa tumetolewa mashambani, upande wa juu wa Embu, tukawekwa kwenye kijiji kimoja. Nyumba zilipangwa kwa mistari, kila moja na namba yake kwa chokaa juu ya mlango. Kijiji chote kilizungukwa na mtaro, na chini ya mtaro kulikuwa na mianzi iliyochongwa. Tulitoka kwa daraja moja tu, asubuhi tukipekuliwa, jioni tukipekuliwa. Nyumba yetu ilikuwa namba thelathini na moja. Mume wangu aliifurahia. Alisema ni namba ngumu, haigawanyiki na kitu isipokuwa moja na yenyewe, hata serikali haiwezi kuikata katikati. Huo ndio ulikuwa utani wake. Mimi sikucheka kila mara.

Alikuwa mwalimu. Shule yake ilifungwa kama nyingine nyingi, naye akawa mchimba mtaro kama watu wote. Alikuwa amesoma Kaaga, kule Meru, na alirudi na kitabu cha hesabu kisicho na jalada, ambacho hakukiacha hata siku tulipoambiwa tubebe kile tunachoweza kubeba. Mimi nilibeba chungu, yeye akabeba kitabu. Nilimkasirikia sana kwa hilo, na sijui kama niliacha.

Kafiu ilianza jua likiwa bado liko juu ya miti. Tulifungiwa ndani na mwanga bado upo, hakuna kazi, hakuna kutembeleana. Hapo ndipo alipoanza kunifundisha. Wiki hizo jiwe la mtaroni lilikuwa limemvunja vidole viwili vya mkono wa kulia, basi yeye alisema na mimi niliandika, kwenye karatasi ya kaki ya kufungia sukari.

"Kila namba ina watoto," alisema. Watoto wa namba ni zile ndogo zinazoigawanya bila kubaki kitu. Kumi ina watoto moja, mbili na tano. Ukiwakusanya unapata nane. Nane haifiki kumi, basi kumi ina njaa. Kumi na mbili ina moja, mbili, tatu, nne na sita. Hao ukiwakusanya ni kumi na sita, wamempita baba yao, basi hiyo imeshiba mpaka tumbo linauma. Halafu akaniuliza sita. Nikamwambia moja, mbili, tatu. "Kusanya." Nikakusanya nikapata sita yenyewe. Yeye alikuwa akinitazama kama mtu aliyekuletea zawadi na anangoja uifungue.

Hizo zilizo sawa ni chache mno. Baada ya sita ni ishirini na nane. Baada ya hiyo unatembea mpaka mia nne tisini na sita. Halafu kimya kirefu, mpaka elfu nane mia moja ishirini na nane. Kitabu kilisema inayofuata ina tarakimu nane, na hapo ndipo ukurasa ulipokuwa umechanika. Mume wangu aliitaka hiyo. Alijua njia: uanze na moja, uongeze mbili, nne, nane, kila mara maradufu, na kila jumla utakayopata uiulize kama inagawanyika. Ikikataa kugawanyika, uizidishe kwa ile ya mwisho uliyoongeza. Moja hadi sitini na nne zikikusanywa ni mia moja ishirini na saba, nayo haigawanyiki. Mia moja ishirini na saba mara sitini na nne, ndiyo hiyo elfu nane na kitu. Kutoka hapo tulikwama. Tulifika elfu mbili arobaini na saba, tukaijaribu kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja, mpaka kumi na tisa, ikakataa. Nilipiga makofi. Akaniambia tujaribu ishirini na tatu kwanza, na ishirini na tatu ikaikata mara themanini na tisa kamili. Alikaa vile mpaka giza likaingia, kama mtu aliyefiwa.

Naeleza haya yote ili ionekane karatasi ile ilikuwa na nini. Juu niliandika mistari mitatu, kwa maneno yake mwenyewe:

NJAA: 8, 10, 14, 15, 16.
SHIBE: 12, 18, 20, 24, 30.
SAWA: 6, 28, 496, 8128.

Chini ya hapo: "Watoto wa 8128 ni 12," na kisha wao wenyewe: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 127, 254, 508, 1016, 2032, 4064. Na mwisho, kwa sababu alilisema na mimi nikalipenda, niliandika: "Wote wakikusanyika wanarudi kwa baba yao, hakuna anayepotea."

Aliikunja akaitia mfukoni mwa koti. Asubuhi moja ya mvua, mwisho wa Novemba, walimpekua darajani wakaikuta.

Mkubwa wa homugadi wa kijiji chetu, wenyeji waliopewa silaha na serikali, alikuwa rika la mume wangu. Walitahiriwa msimu mmoja, na kwa hiyo mimi nilikuwa shemeji yake, tukitaniana hata katika siku hizo mbaya. Nataka nimtendee haki. Watu wengi baadaye walimsema vibaya, na mengine ni kweli. Lakini wiki mbili nyuma, kijiji cha ng'ambo ya mto kiliingiliwa na watu wa msituni, nyumba zikachomwa, na wale aliowazika mkubwa huyu nao walikuwa watu. Alikuwa anajua kusoma. Na mtu anayejua kusoma, akiiona karatasi ile, angesoma nini? Mimi mwenyewe ningesoma vilevile.

Nilifika kambini kwao nikiwa nimemwacha mtoto kwa mama mkwe. Alikuwa amekaa chini ya mnara wa ulinzi, karatasi juu ya goti, imelowa pembe moja. Mume wangu sikumwona.

"Shemeji," nikasema.

"Leo hatutaniani." Hakuinua macho. "Huu ni mwandiko wa nani? Mwalimu ana vidole vimefungwa."

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Niseme ukweli, niliifikiria. Nilimfikiria mtoto, nikafikiria lori la kupeleka watu kizuizini.

"Ni wangu."

Sasa akanitazama. "Wewe?"

"Yeye alisema, mimi nikaandika. Ni hesabu."

"Hesabu." Akaweka kidole. "Nane, kumi, kumi na nne, wana njaa. Kumi na mbili, kumi na nane, ishirini, ishirini na nne, wana shibe. Hizi ni nyumba, shemeji. Mnaandika ni nyumba gani ina chakula cha kupelekwa msituni. Ishirini na nne ni nyumba ya nani?"

Ishirini na nne ilikuwa nyumba ya mama yake.

"Mama yangu ana gunia moja la mahindi," alisema kwa sauti ya chini. "Moja. Nani aliwaambia?"

"Si nyumba. Ishirini na nne ina watoto moja, mbili, tatu, nne, sita, nane, kumi na mbili. Wakusanye wanafika thelathini na sita. Ndiyo maana imeshiba."

"Watoto! Si ndivyo wanavyoitwa, hao wa msituni? 'Watoto wetu wamelala na njaa.' Unadhani sisikii wanawake wakinong'ona mtoni?" Akageuza karatasi. "Na hii? Nane, kumi na mbili, nane. Tarehe nane, mwezi wa kumi na mbili, saa nane ya usiku. Watoto kumi na wawili. Wote wakikusanyika wanarudi kwa baba yao. Baba ni nani? Jenerali gani?"

Sikuwa nimeiona hivyo kamwe. Elfu nane mia moja ishirini na nane. Nilipoiona hivyo, sikuweza tena kuiona vingine. Ilikuwa tarehe. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

"Niulize yoyote," nikamwambia. "Niulize namba ambayo haiko hapo, nikwambie ina njaa au shibe. Halafu ukaigawe wewe mwenyewe kwa vijiti."

Homugadi mmoja aliyekuwa mlangoni akacheka. "Mganga huyu! Muulize ng'ombe wangu atazaa lini."

"Nyamaza wewe," mkubwa akasema. Kisha kwangu: "Kumi na tisa."

"Mtoto mmoja tu, moja. Njaa kali."

"Thelathini na sita."

Hiyo ilinichukua muda. Nilihesabu kwa vidole nyuma ya kanga. Moja, mbili, tatu, nne, sita, tisa, kumi na mbili, kumi na nane. "Hamsini na tano. Shibe."

Alichukua vijiti. Alivipanga kwenye udongo kwa muda mrefu, akivigawa mafungu, na mvua ikinyesha kwenye mabati. Alipomaliza hakusema nimepata wala nimekosa. Alisema, "Ungoje bwana shauri."

Bwana shauri alikuwa kijana wa Kizungu, mwekundu shingoni, aliyekuja kwa landrova mara moja kwa wiki. Kazi yake ilikuwa kuchuja watu. Walioitwa weupe walirudi nyumbani, walioitwa weusi walipelekwa kizuizini mbali, na walioitwa wa kijivu walibaki katikati mpaka ijulikane ni rangi gani. Mume wangu alitolewa akasimamishwa ukutani. Hakuwa amepigwa usoni. Sehemu nyingine sikuona. Aliponiona alitikisa kichwa kidogo sana, kunikataza. Lakini nilikuwa nimeshasema.

"Wewe naandika hii?" bwana shauri akaniuliza.

"Ndiyo, bwana."

"Hesabu ya nini? Ya duka?"

"Ya kujua tu, bwana."

"Hapana mtu nafanya hesabu ya kujua tu."

Mkubwa wa homugadi alimweleza kwa Kizungu chake, na nadhani alieleza sawasawa, maana nilisikia namba zikipita. Mzungu alitoa kalamu. Aliandika wale watoto wote wa namba ile kwa safu, mmoja chini ya mwingine, akapiga mstari, akaanza kujumlisha. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa meza, nikisoma kichwa chini miguu juu. Mamoja yanafika hamsini na nane, niliyajua kwa moyo. Unaandika nane, unabeba tano. Yeye aliandika nane, kisha juu ya makumi akaandika nne ndogo.

Alifika mwisho. Elfu nane mia moja kumi na nane.

"Hapana," akasema, akasukuma karatasi. "Hii hapana rudi. Hii maneno tu."

Niliangalia ukuta. Mume wangu alikuwa amefumba macho. Alikuwa amejumlisha kichwani, alijua.

"Shemeji," nikamwambia mkubwa wa homugadi kwa lugha yetu, "amebeba nne. Ni tano."

"Nini?"

"Amekosea kubeba. Mwambie."

"Nimwambie mimi kwamba amekosea?"

"Basi nitamwambia mimi."

"Wewe nyamaza." Alisimama sawa, akakohoa kama mtu anayeingia kanisani amechelewa, akaweka kidole karibu na ile nne ndogo bila kuigusa. Sijui alitumia maneno gani. Bwana shauri aliikazia macho. Shingo ikawa nyekundu zaidi. Alianza upya, safari hii akitoka chini kwenda juu, na nilimwona akiandika tano. Mbili makumi. Moja mamia. Nane.

Nilidhani imekwisha, nikavuta pumzi, na hapo bwana shauri akaanza kuwahesabu kwa ncha ya kalamu. Alihesabu mara mbili. Kisha akaonyesha maandishi yangu.

"Hapa nasema kumi na mbili. Hapa iko kumi na tatu. Huyu moja wewe naficha nani?"

Niliangalia. Niliandika kumi na mbili. Kwa mkono wangu, kwa tarakimu safi. Mume wangu alifungua macho akanitazama kwa mshangao, maana alikuwa hajaiona, alikuwa akiangalia safu ya namba tu, si ule mstari wa maneno. Nilisema, "Nimekosea, bwana," naye akasema mbona kwingine kote sikukosea, na hilo lilikuwa swali la haki kabisa.

Aliyelijibu ni mkubwa wa homugadi. Alilisema kwanza kwangu, polepole, kama mtu anayevumbua kitu kwa kukisema.

"Mke wa mwalimu. Kwenu mko watoto wangapi? Kwa mama yako?"

Nikajibu bila kufikiri, "Sita."

"Ukiwa na wewe?"

Nikahesabu tena. Tuko saba. Lakini watoto wa mtu hawahesabiwi mpaka mwisho. Ukihesabu wote umewaita kwenye kifo, basi mama anaacha mmoja, na sisi tulilelewa hivyo, hata hatujui tunaacha. Niliandika neno "watoto" na mkono ukaacha mmoja.

Alimgeukia Mzungu. Alieleza kwa muda mrefu. Nilimsikia akisema "mama yangu," akajigusa kifua, na akainua vidole vinane, kisha akakunja kimoja. Alikuwa ndiye aliyemshtaki mume wangu asubuhi ile, na ndiye aliyesimama pale akimweleza Mzungu aibu za akina mama zetu ili amtoe. Siwezi kuliandika moja nikaliacha la pili.

Bwana shauri alisikiliza. Alikunja karatasi akaitia mfukoni mwake. Alisema hesabu ni kweli. Alisema mtu mwenyewe bado hamjui. Mume wangu angekaa kambini mpaka asubuhi ya tarehe tisa. Usiku wa nane ukipita salama, arudi nyumbani. Usipopita, lori.

Siku hizo tisa sitazieleza sana. Kijiji kizima kilijua tarehe, nani alisema sijui. Wanawake kwenye foleni ya maji waliacha nafasi mbele yangu na nyuma yangu. Hofu yangu ilikuwa moja, na sikumwambia mtu. Tarehe ile haikuwapo duniani mpaka nilipoiandika. Sasa ilikuwa midomoni mwa watu wote, na midomo hufika msituni. Je, wakiisikia, wakasema, kumbe tarehe nane, basi twende? Na hofu nyingine, ambayo naiandika kwa sababu nimeapa kuwa mkweli. Mara moja kabla ya hayo, nilimwona mume wangu akirudi kutoka kukata kuni kando ya msitu bila kile kiazi nilichomfungia, na alikula jioni kama mtu asiyekula mchana. Sikumuuliza. Sijui hadi leo. Huenda alikidondosha.

Asubuhi ya tarehe tisa filimbi ya kazi ililia kama kawaida. Nilisikiliza kama kuna kilio nyuma yake, hapakuwa na kilio. Nilienda mtaroni na jembe. Saa nne hivi nilimwona akivuka daraja, koti begani, akichechemea. Mkubwa wa homugadi alikuwa nyuma yake hatua chache. Aliponipita alisema, "Shemeji, usiandike tena," na sikujua kama ananitania.

Jioni, mlango umefungwa, nilimpa uji. Hakuugusa.

"Kumi na mbili," alisema.

"Nilikosea."

"Hukukosea. Ulikataa." Sijawahi kumsikia na sauti ile. "Nilikwambia ni namba. Si watu. Namba haifi. Nilikaa siku tisa kwenye lile shimo la kambini kwa sababu wewe uliogopa kumwua mtoto wa mwisho, elfu nne sitini na nne."

"Wewe ndiye uliyewaita watoto," nikamwambia. "Ungewaita mawe, ningewahesabu."

Tulitazamana. Mtoto alikuwa amelala katikati yetu kwenye ngozi. Nilidhani atanipiga, ingawa hakuwa mtu wa kupiga. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyesukumwa kutoka nyuma.

"Basi sema sasa," akasema. "Sema wako wangapi."

"Mtoto yuko hapa."

"Sema."

Nikamtazama mtoto. Nikamfunika sikio moja kwa kiganja, la pili lilikuwa limelalia ngozi. Kisha nikasema kumi na tatu, kwa Kiswahili, si kwa lugha yetu yenye huo mwiko, na mume wangu akaanza kunywa uji.